Magurudumu Mapana kwa Gari la Mwigo



Safu hii imezoea kujibu maswali ya shule, ya lugha na ya makaratasi ya serikali. Mwezi huu nimeletewa swali la aina nyingine kabisa, nami nimelipokea kwa furaha, kwani nimefundisha hesabu na fizikia miaka mingi, na hili ni swali la hesabu lililovaa nguo za anasa.

Kijana mmoja wa jamaa zetu hapa Uingereza, pamoja na baba yake, wamekuwa wakiunda gari katika gereji ya nyumba yao kwa muda wa miaka miwili. Si gari la kwendea kazini. Ni mwigo wa Cobra, lile gari la mashindano la miaka ya sitini lenye pua ya mviringo na nyonga nene. Bodi imekwisha kupakwa rangi. Anaandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Magurudumu niliyonayo yamezama ndani ya madigadi kama macho ya mgonjwa. Nimeona rimu za nyuma za inchi 10 zinauzwa rahisi pamoja na matairi yake. Nizichukue?" Na pembeni mwa barua hiyo hiyo baba yake ameongeza kwa mkono wake kwamba fedha zilizobaki ndizo za mwisho, na kwamba siku ya ukaguzi wa serikali imekaribia.

Marahaba, mwanangu. Usinunue bado. Pima kwanza. Na kwa kuwa najua kuna vijana wengine wawili watatu katika jumuiya yetu wenye ugonjwa huo huo, nitaeleza kwa kirefu.

Wasomaji watauliza kwa nini mtu aunde mwigo, asinunue gari lenyewe. Jibu limo katika bei. Mwaka 1961 Carroll Shelby, dereva wa Texas aliyekuwa ameshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1959 akiendesha Aston Martin, aliwaandikia AC Cars wa Thames Ditton, katika jimbo la Surrey, akitaka gari lao dogo liitwalo Ace lirekebishwe libebe injini ya Kimarekani ya silinda nane. Injini ikatoka Ford, na mwaka 1962 Cobra ya kwanza ikatembea. Katika miaka ile yalitengenezwa takriban elfu moja tu, na lile la kwanza kabisa liliuzwa mnadani California mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Mtu wa mshahara afanyeje? Hununua chasisi ya chuma na bodi ya faibaglasi kutoka kwa mtengenezaji mdogo, kisha akachukua viungo vya ndani kutoka katika gari kuukuu la kawaida, aghalabu Jaguar XJ6 au Ford Sierra. Hakuna udanganyifu katika jambo hilo maadamu kila mtu anaambiwa kuwa ni mwigo.

Lakini tazameni jinsi gari la asili lilivyopata umbo lake. Cobra za mwanzo zilikuwa nyembamba, zenye rimu za spoku na matairi ya kadiri. Mwaka 1965 ikaja Cobra ya injini ya inchi za ujazo 427, yaani lita 7. Injini iliposhiba nguvu kiasi hicho, chasisi ya zamani haikuimudu. Mabomba yake makuu yakaongezwa kipenyo kutoka inchi 3 hadi inchi 4. Springi za majani zilizolazwa mkingamo zikaondolewa, zikawekwa springi za koili. Matairi yakapanuliwa ili nguvu ile ipate kufika barabarani badala ya kuteketea katika moshi. Mwisho wa yote, kwa kuwa matairi hayo hayakuwa na pa kujificha, madigadi yakatunishwa. Zile nyonga nene zinazotuvutia macho zilikuja mwisho, baada ya kila kiungo cha chini kubadilika.

Mwigo huupindua mpango huo. Nyonga huja kwanza, zimemwagwa katika kalibu. Kisha ndipo mwenye gari atafute cha kuzijazia. Na chini ya nyonga hizo imo mikono na ekseli ya gari la familia, iliyosanifiwa kwa tairi la kadiri. Ndiyo maana gurudumu linaonekana limezama. Kijana wetu anaiona nafasi ya nje kwa sababu iko mbele ya macho yake. Nafasi ya ndani, kati ya tairi na springi, haioni mpaka apige magoti na taa mkononi, na hiyo ndiyo itakayoamua.

Tuanze na maandishi ya ubavuni mwa tairi. Ananiambia matairi aliyonayo ni 225/60 R15. Nambari 225 ni upana kwa milimita, ubavu hadi ubavu. Nambari 60 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana ule, yaani milimita 135. R huonesha mpango wa nyuzi za ndani. Nambari 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambacho ni milimita 381. Kipenyo kizima cha tairi basi ni 135 mara mbili, jumlisha 381: milimita 651. Yale anayoyatamani ni 295/50 R15. Ubavu wake ni milimita 147.5 na kipenyo kizima ni milimita 676. Tazameni mtego wenyewe: asilimia imeshuka kutoka 60 hadi 50, mtu akadhani tairi ni fupi zaidi, kumbe ni refu kwa milimita 25, kwa sababu asilimia hiyo ni ya upana uliokua.

Milimita 25 si kitu? Ni karibu asilimia 4. Spidomita ya gari hilo huhesabu mizunguko, haihesabu maili, na tairi refu huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Sindano itaposoma maili 70 kwa saa, gari litakuwa linakwenda karibu 73. Sheria ya hapa hairuhusu spidomita ionyeshe mwendo ulio mdogo kuliko ule wa kweli, na mkaguzi ataipima. Kwa hiyo spidomita nayo itabidi irekebishwe, na hiyo ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Sasa tuje kwenye upana. Tairi limeongezeka milimita 70. Ikiwa katikati ya rimu mpya itakaa pale pale ilipokaa katikati ya ile ya zamani, basi milimita 35 zitakwenda nje na 35 zitakwenda ndani. Zile za nje kijana anazishangilia. Zile za ndani zinakwenda kugusa nini?

Hapa ndipo linapokuja neno ambalo mafundi huliita ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na ule uso unaobana kwenye kitovu cha gurudumu. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti huitwa chanya na gurudumu huingia ndani ya gari. Ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi na gurudumu hutoka nje. Kwenye rimu nyingi imechapwa kwa herufi ET na nambari. Rimu mbili zaweza kuwa na upana mmoja, kipenyo kimoja na matundu yale yale ya nati, moja ikaingia vizuri na nyingine ikala springi, kwa tofauti ya nambari hiyo tu. Muuzaji asipoijua, msiseme naye bei.

Nimesikia hoja kwamba basi na ichaguliwe ofseti ndogo zaidi kwa milimita 35, upana wote uende nje. Kwa karatasi inawezekana. Lakini beringi ya kitovu ilisanifiwa kubeba uzito karibu na katikati ya gurudumu. Ukilisukuma gurudumu nje, uzito ule ule huning'inia kwenye mkono mrefu zaidi, na beringi huanza kuvuma kabla ya wakati wake. Kwa magurudumu ya mbele ni vibaya zaidi. Usukani huzunguka juu ya mhimili unaokata ardhi karibu na katikati ya tairi. Ukiliondoa tairi mbali na mhimili huo, usukani huwa mzito, na kila mfereji na kila kiraka cha lami huuvuta mkononi. Breki zikishika upande mmoja kabla ya mwingine, gari huelekea lisikotumwa. Mbele, mwanangu, usiguse ofseti ila kwa ushauri wa maandishi wa aliyetengeneza chasisi.

Apimeje? Gari liwekwe juu ya stendi imara za chuma, si juu ya jeki peke yake. Nimewahi kuzika mwanafunzi wangu wa zamani aliyelala chini ya gari lililobebwa na jeki, na sitaki kulisema hilo mara ya pili. Gurudumu la nyuma litolewe. Rula ndefu iliyonyooka ilazwe juu ya ukingo wa ndani wa rimu, kisha apime kutoka kwenye rula hadi uso ule unaobana kwenye kitovu. Hicho ndicho kina cha ndani cha rimu aliyonayo. Ajihadhari na jambo moja ambalo huwapotosha hata mafundi: rimu iitwayo ya inchi 10 hupimwa pale tairi linapokaa, si kutoka ukingo hadi ukingo. Ukingo wa kila upande huongeza takriban nusu inchi. Ukiipima kwa nje utapata kama inchi 11, na nusu inchi hiyo ya upande wa ndani, milimita 12.7, ndiyo tofauti kati ya kupita na kukwaruza.

Kisha atoe springi, aweke jeki chini ya mkono wa chini wa ekseli, aupandishe mkono huo mpaka mwisho wa mwendo wake na kuushusha mpaka mwisho, akipima nafasi kila hatua. Gurudumu haliendi juu na chini kwa mstari ulionyooka. Huchora tao, na juu ya tao hilo kichwa cha tairi huinamia ndani. Gari lililosimama gerejini halina abiria, halina tuta, halina kona. Ikiwa viungo vyake vya nyuma ni vya Jaguar XJ6, diski za breki za nyuma ziko katikati, kando ya difu, hazimo ndani ya gurudumu, na hiyo ni bahati yake. Lakini kila upande una shokomzoba mbili zenye springi zake, na mkono unaokwenda mbele. Hivyo ndivyo vya kuchunga. Mimi nisingekubali nafasi iliyo chini ya milimita 15 mahali popote, kwa sababu ubavu wa tairi hutuna pale gari linapolalia kona.

Kuna watakaomshauri atie spesa, yaani sahani za chuma kati ya kitovu na rimu, ili gurudumu litoke nje bila kununua rimu nyingine. Spesa nyembamba iliyochongwa vizuri ina mahali pake. Lakini kila milimita ya spesa ni milimita iliyotolewa kwenye uzi wa stadi. Nati inapaswa kuingia kwenye uzi kwa kina kisichopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 1.5 inahitaji nati izunguke mara 8 kamili kabla ya kukaza. Ikizunguka mara 4 ikakaza, haijakaza. Kadhalika nati za kichwa cha pembe si za rimu yenye kiti bapa. Zitaonekana zimeshika, nazo zimeshika kwa ncha tu.

Nimeulizwa pia kama matairi mapana "yanashika barabara zaidi". Hili linahitaji subira kidogo. Gari hilo lina uzito wa kama kilo 1,200. Kila gurudumu hubeba kilo 300. Ukilijaza tairi upepo wa ba 1.8, eneo la mpira linalogusa ardhi ni takriban sentimita za mraba 160, sawa na postikadi moja. Ukiweka tairi pana zaidi kwa upepo ule ule, eneo halikui sana. Postikadi hugeuka tu, ikawa pana na fupi. Katika kona kavu hilo lina faida ya kweli, na ndiyo sababu magari ya mashindano huvaa matairi mapana, ambayo mpira wake huweza kuwa laini bila kuisha upesi. Katika barabara yenye maji mambo hugeuka. Postikadi pana lazima isukume maji mengi zaidi kando kwa muda mfupi zaidi, na ikishindwa, tairi huelea. Gari jepesi, lenye injini kubwa, lisilo na vifaa vya kisasa vya kuzuia mteleko, juu ya matairi mapana, katika mvua za nchi hii: sihitaji kuwachorea wazazi picha.

Upepo wenyewe usitolewe katika kitabu cha Jaguar. Gari lile lilikuwa zito zaidi kwa mamia ya kilo. Tairi likijazwa kwa kipimo kile chini ya gari jepesi, hutuna katikati na kashata za kando hazigusi kitu. Achore mstari wa chaki kuvuka uso wa tairi, aendeshe hatua chache mahali palipo sawa, atazame chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu, apunguze upepo kidogo kidogo. Chaki, kama mjuavyo, ndiyo chombo ninachokiamini kuliko vyote.

Sasa yale matairi ya bei rahisi. Karibu na ukingo wa tairi kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Magari ya namna hii hukaa gerejini miezi mingi. Kashata hubaki nzuri huku mpira ukikauka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Mnunuzi hutazama kashata akaridhika. Tangu Februari 2021 serikali ya hapa imekataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Magari madogo hayamo katika katazo hilo, lakini mpira hauzeeki kwa kufuata aina ya gari. Atazame pia alama za uzito na mwendo. Alama 91V ni kilo 615 kwa kila tairi na kilomita 240 kwa saa. Matairi mapana ya inchi 15 si mengi siku hizi, na baadhi ya yale yanayotafutwa kwa ajili ya sura yake ya kizamani yana alama S, kilomita 180 tu. Injini ya silinda nane hufika huko bila kutoa jasho, na mkaguzi hulinganisha alama hiyo na uwezo wa gari.

Juu ya ukaguzi wenyewe nitasema machache, kwani baba mtu ameshaisoma karatasi. Gari lililoundwa nyumbani lazima lipite ukaguzi wa IVA kabla ya kusajiliwa, utaratibu uliochukua nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Tairi likijitokeza nje ya madigadi, halipiti. Likigusa bodi au kiungo chochote, halipiti. Baadaye, kila mwaka wa MOT, matairi mawili ya ekseli moja yakiwa ya vipimo tofauti, halipiti. Na njiani, kashata zikipungua chini ya milimita 1.6, faini yaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 kwa kila tairi. Matairi manne ya kipara ni leseni iliyokwenda na maji.

Kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi upana wa rimu na wa tairi kabla gari halijatoka. Sheria ya mwaka 2012 inamtaka mnunuzi wa bima asiseme uongo wala asijibu kwa uzembe anapoulizwa. Rimu za inchi 10 ambazo hazikutajwa ni sababu tosha ya kampuni kupunguza fidia au kuikataa, na baba aliyetoa akiba yake ndiye atakayebaki na mabaki ya faibaglasi.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Mwombe muuzaji akuazime rimu moja tupu, bila tairi, kwa siku moja, umwekee dhamana. Ifunge, pandisha na shusha mkono wa ekseli kama nilivyoeleza, na uandike vipimo. Kwa hesabu ya nambari ulizonitumia, rimu ya inchi 8 yenye tairi la 255/50 R15 ingekupa kipenyo cha milimita 636, spidomita isiyodanganya kwa upande mbaya, na ongezeko la milimita 15 tu kila upande. Nyonga hazitajaa kama ulivyotamani. Baba yako atalala usingizi.

Na utakapozifunga, zozote utakazochagua, kaza nati kwa kuvukisha, moja na ile ya mkabala wake, kwa spana ya kipimo. Endesha maili 50, simama, acha magurudumu yapoe, uzipime tena.